Siku Nne Ukingoni mwa Ndiva

Mwinjilisti wetu alikuwa akiomba macho wazi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo watu wa kule juu milimani wanalolitaja kwanza, na kwa sababu nimechoka na wanaoanza habari za mtu kwa baba yake na babu yake na mlima waliotokea. Ukoo wake siujui vizuri wala haunihusu. Nilimjua tangu nikiwa msichana wa kubeba kuni mpaka nikazaa mara mbili. Hiyo inanitosha.

Mchungaji alikuwa mmoja na mitaa ilikuwa sita, kwa hiyo Jumapili nyingi Mwinjilisti ndiye aliyeongoza ibada. Akisema "Tuombe," sisi sote tunafumba, yeye anabaki anatutazama. Tulijua kwa sababu watoto hufumba jicho moja tu. Alikuwa na macho mekundu, nusu moshi wa jikoni na nusu ugoro, na aliyapitisha juu ya vichwa vyetu polepole: benchi la wanawake, benchi la wanaume, dirisha, mbwa aliyeingia kutafuta kivuli. Akamtazama hata mbwa, na maneno ya maombi hayakukatika.

Mama yangu alimngoja nje siku moja akamwuliza kwa ile heshima ya kuchokoza.

"Shikamoo, Mwinjilisti. Samahani, hivi wewe hufumbi?"

"Marahaba. Nikifumba najiona mwenyewe tu, mama. Na mimi nimeshajiona vya kutosha."

Mama alicheka njia nzima. Mimi sikucheka. Nilikuwa katika umri wa kudhani kila neno la mtu wa kanisa limeshuka kutoka mbinguni.

Mahali pake pa kuombea hapakuwa kanisani. Palikuwa ndivani. Kwa asiyejua milima yetu: ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo ambalo wazee walilijenga juu ya mashamba. Jioni linazibwa, kijito kinalijaza, asubuhi mwenye zamu anazibua, maji yanashuka kwa mfereji mpaka kwenye mbaazi na mahindi yake. Kila nyumba ina siku yake. Mwinjilisti alikuwa na jiwe lake juu ya ukingo, limelainika kama kigoda. Mtu akimletea jambo gumu hakumjibu papo hapo. Alisema, "Ngoja nikakae." Akaenda akakaa. Siku moja, siku tatu, akirudi nyumbani kula na kulala tu. Halafu alikufuata kwako mwenyewe, akakuambia alichoambiwa, akaondoka bila hata kunywa uji.

Watu walimletea kila kitu. Mbuzi aliyepotea. Posa. Shamba lenye kesi. Wengine walimletea mambo ambayo wangeweza kuyamaliza wenyewe kwa akili zao, lakini jibu likitoka ndivani lilikuwa na uzito. Hata balozi wa nyumba kumi, ambaye alijifanya mtu wa maendeleo tu, nilimwona kwa macho yangu akimnong'oneza kitu nyuma ya ghala la kahawa, na Mwinjilisti akitikisa kichwa: ngoja nikakae.

Tusimfanye malaika. Mkewe alikuwa wa kwanza kukataa hilo. "Akiwa kwa Mungu wake mpole," alikuwa akisema, mbele yake, huku anapepeta mahindi, "akirudi nyumbani anatafuta kijiko chake kama polisi. Nani amegusa kijiko changu! Utadhani imeibwa bendera ya taifa." Mwinjilisti alijifanya hasikii. Alikuwa mchoyo wa ndizi. Alikuwa na hasira na mbuzi, alizungumza nao kama wenye dhambi. Sauti ya kuimba hakuwa nayo kabisa, na kwa kuwa hakuwa nayo alisema kwaya zinakula muda wa ibada. Ugoro aliuficha ndani ya kopo la dawa ya macho, na kila mtu alijua, na kila mtu alimwuliza macho yanaendeleaje.

Na neno "pole" lilimshinda. Kuna mwaka alikaa pale ndivani anaomba tangu asubuhi, na siku hiyo ilikuwa zamu ya bibi mmoja jirani yetu, mjane, ambaye alikuwa amemwomba amzibulie kwa kuwa mgongo ulikuwa unamsumbua. Mwinjilisti akakaa na Mungu wake, akasahau. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, ndiva ikajaa ikapita kiasi, kipande cha ukingo kikaondoka. Maji yote yakateremka barabarani. Tulimsikia yule bibi kabla hatujamwona.

"Mwinjilisti! Zamu yangu inakwenda Same kwa miguu! Huyo Mungu wako yeye hana mbaazi?"

Mwinjilisti alisimama kwenye tope mpaka magotini, mtu mzima, Biblia kwapani.

"Amekuambia nini leo?" bibi akazidi. "Tuambie na sisi! Amesema nini kilichozidi hili tope?"

Alikwenda akachukua jembe, akajenga ule ukingo peke yake kwa siku mbili, akakataa msaada. Zamu yake ya wiki ile akampa yule bibi, na ya wiki iliyofuata. Lakini kusema pole, hapana. Bibi aliisubiri pole hiyo mpaka akafa.

Ni yeye aliyenifundisha kipaimara, na hapa lazima niwe mkweli kwa sababu habari yote ya baadaye inatoka hapa. Tulikuwa wasichana na wavulana kumi na wanane hivi, tunakaa kwenye magogo nyuma ya kanisa. Mkewe alikuwa akiinjika makande jikoni, mahindi na maharage makavu, yale ya kuchemka nusu siku. Mwinjilisti akasema leo hatusomi. Leo tunanyamaza mpaka chungu kile kichemke, na kila mmoja asikilize, kisha atuambie alichosikia.

Mtu ambaye hajawahi kunyamaza na njaa karibu na chungu cha makande asidhani ni jambo dogo. Tulikaa. Inzi walitutembelea. Harufu ilikuja. Hatimaye akatuuliza mmoja mmoja.

Mmoja alisikia mabawa. Mwingine alisikia kama nyimbo kwa mbali. Mimi nilisema nimesikia sauti ikiniita kwa jina langu, mara mbili. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilitaka kuwa wa kwanza katika kila kitu, hata hicho. Sikuwa nimesikia sauti yoyote. Baada yangu alikuwepo msichana mmoja mwembamba, mtoto wa mtu wa kuja aliyekuwa fundi seremala, naye akasema kwa aibu:

"Mimi nimesikia tumbo langu."

Mwinjilisti alicheka mpaka ugoro ukamtoka puani, akapiga chafya nne. Alipojikusanya akasema, "Huyu ndiye atakayeomba. Ninyi wengine mmenidanganya mchana kweupe. Msimwambie Mungu mlisikia kitu kama hamkusikia. Kama hukuambiwa, sema sikuambiwa. Haya, kaleni."

Makande yale sikuweza kuyameza. Nilimchukia wiki nzima. Kisha nikaanza kumwamini kuliko mtu yeyote, kwa sababu alikuwa ameniona.

Walikuwepo ndugu wawili waliogombania siku ya maji, ugomvi wa karibu kushikiana mapanga. Walimletea, akaenda akakaa siku tatu. Aliporudi uwanja ulikuwa umejaa watu wanaosubiri nani atashinda. Akasimama mbele ya wale ndugu akasema, "Nimeomba. Nilichoonyeshwa ni kwamba mmoja wenu namchukia, tangu zamani, na sikuwa najua. Siwezi kuamua shauri hili. Mtafuteni mwingine." Akaenda zake. Watu walibaki wanatazamana, kila ndugu akijiuliza kama ni yeye. Walipatana wiki ileile, nadhani kwa hofu. Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka sekondari na nikafikiri: hiki ndicho kitu. Si sauti wala mabawa. Mtu anakaa mpaka anaonyeshwa kilicho kweli, hata kama kinamwaibisha, halafu anasimama anakisema. Niliandika hivyo kwenye daftari. Nilikuwa napenda kuandika mambo kwenye daftari.

Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa na mwalimu. Tulimpata Namsifu kulekule juu, nyumbani kwa mama, kwenye ubaridi. Mtoto mzito, mwenye kelele, anayeshika pua za watu.

Mwaka wa watu kuhamia vijijini, mume wangu alipelekwa bondeni, upande wa kuelekea Kisiwani, kwenye kijiji kipya, kufundisha elimu ya watu wazima. Nyumba zilikuwa za miti na nyasi, kwa mstari, na kila kitu kilikuwa kipya isipokuwa mbu. Alitangulia. Akaniandikia barua: njoo na mtoto, nyumba nimeikandika, watu ni wazuri.

Watu wa milimani tuna desturi yetu, na si ya ushirikina. Bondeni tunashuka kulima, jioni tunapanda. Wazee walilala juu. Mwenye mtoto mchanga hata kulima hashuki, hasa masika. Homa ya kule tunaijua. Mama yangu alisema hapana. Wifi yangu alisema mke yuko kwa mumewe. Nikaenda kwa Mwinjilisti. Nikamwambia: niombee, nijue niende au nibaki. Atakalokuambia Mungu nitalifanya.

"Ngoja nikakae," akasema.

Alikaa siku nne. Hakuwa amewahi kukaa siku nne kwa jambo la mtu mmoja. Mtaa mzima ulijua. Wanawake wakinikuta mtoni walinitazama kama mgonjwa anayesubiri majibu. Siku ya nne asubuhi alikuja nyumbani kwa mama, akasimama mlangoni, akasema, "Mama Namsifu, nimeambiwa uende. Nenda kwa amani. Mtoto atakuwa salama."

Akaondoka bila kunywa uji.

Nilishuka. Yaliyofuata nitayasema kwa kifupi kwa sababu hayana urefu. Masika ilianza. Namsifu alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Homa ilimkamata Jumanne asubuhi. Tulimpa vidonge, akavitapika. Tukampa tena. Jumatano alfajiri tulipata lori la mkonge linalokwenda Same, mjini kwenye hospitali. Nyuma walikuwepo vibarua wa shambani, watu wa mbali, Kigoma sijui, sikuwauliza. Mvua ilikuwa inapiga. Mmoja wao alishika turubai juu ya kichwa cha mtoto kwa mikono miwili, hakuishusha mpaka Same. Muuguzi alimpokea haraka, sina lawama naye. Saa nane mchana alikuwa amekufa.

Kibarua yule alikuwa bado nje ya hospitali. Aliponiona alivua kofia.

Tulimpandisha mlimani tukamzika juu. Mwinjilisti ndiye aliyeongoza. Siku ile alifumba macho. Niliona. Nilikuwa namtazama yeye, si kaburi, na nilimwona ameyafumba kwa nguvu kama mtu anayekunywa dawa chungu, na maneno yakawa yanamkwama. Watu walidhani ni huzuni. Mimi sikudhani kitu. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa, unaugusa na kujua ni wako lakini haukuhusu.

Wanawake walikuja kunifariji.

"Mungu amempenda kuliko sisi, mama."

"Basi angempenda kidogo," nikasema.

Mmoja akasema, "Ana uchungu, mwacheni." Sikuwa na uchungu. Uchungu ningeufurahia.

Nilirudi bondeni baada ya arobaini. Watu walishangaa. Lakini ningebaki juu ningemwona kila Jumapili, na nisingejua nimfanye nini. Nilisikia habari zake kwa wanaoshuka kulima. Walisema Mwinjilisti hakai tena kwa ajili ya mambo ya watu. Ukimpelekea jambo anasema, "Kaa mwenyewe, jiwe lipo." Wengine walisema amezeeka. Wengine walisema ana kiburi. Mkewe alisema hata kijiko hakitafuti tena, na kwamba hilo linamtisha.

Mimi niliacha kuomba. Miezi sita, au zaidi. Kisha nikaanza tena, lakini kwa namna ya mtu anayekwenda ofisini kudai haki yake na hatoki mlangoni. Mchana, mume wangu akiwa anafundisha kwenye banda la jirani, na wazee na akina mama wakiimba herufi, a, e, i, o, u, mimi nilikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, macho wazi kama nilivyomwona Mwinjilisti, nikasema: nieleze. Basi. Sikuongeza neno. Nieleze.

Hakuna kilichotokea. Nasisitiza hilo kwa wale wanaosimulia habari za maombi kama habari za harusi. Siku baada ya siku nilitazama ukuta wa udongo, kuku, mstari wa nyumba, milima kule juu imejifunika wingu. Sikufarijika. Sikulia. Nilichukua mimba nyingine katikati ya mambo hayo, nikazaa, bado nikawa nakaa, mtoto kifuani. Nieleze.

Na siku moja nikaonyeshwa. Hapakuwa na sauti. Ilikuja tu kama mtu anavyogundua yuko barabarani na amevaa blauzi nje-ndani. Nilikumbuka siku ya tatu, Mwinjilisti akiwa bado kwenye jiwe lake, mimi nyumbani kwa mama nimekunjua kitenge sakafuni, nimepanga sufuria, sahani mbili, nguo za mtoto, sweta yake ya sufu, eti sweta ya kupeleka bondeni kwenye joto, nikafunga kwa kamba ya katani mafundo mawili. Kisha nikausukuma mzigo nyuma ya mlango, nikaendelea kusubiri jibu.

Nilikuwa nimeshafunga. Nilimtaka mume wangu. Nilikuwa nimechoka na nyumba ya mama, nilitaka nyumba yangu hata kama ni ya nyasi. Nilimtuma mzee wa watu ndivani kuniletea ruhusa, na nikajiambia naomba shauri. Angesema baki, nadhani ningeenda vilevile, ningetafuta sababu.

Hiyo ndiyo niliyopewa baada ya mwaka mzima wa kudai. Anayedhani maombi yanaleta raha aje aniulize mimi.

Nikaamua kunyamaza nayo. Mume wangu sikumwambia. Na Mwinjilisti hasa sitamwambia. Yeye alisema "nimeambiwa," basi abebe yeye. Ana mabega.

Alikuja mwenyewe. Ilikuwa mwanzoni mwa Machi, asubuhi kama saa nne, mawingu yameanza kurundikana upande wa milima. Nilikuwa nje nachambua choroko kwenye ungo, mtoto amelala kwenye mkeka karibu nami. Nikamwona anakuja kwenye mstari wa nyumba, anauliza, anaelekezwa. Alikuwa amepungua. Kola ya shati ilimzidi shingo. Alikuwa ameshuka mlima wote ule kwa miguu.

"Hodi hapa."

"Pita."

Sikumwamkia. Katika maisha yangu yote sikuwa nimewahi kumwona mtu wa umri ule nikakaa bila shikamoo. Alisimama akiisubiri, kidogo tu, kisha akaiacha ipite.

"Mama Namsifu," akasema.

Huku bondeni wananiita mke wa mwalimu. Lile jina sikuwa nimelisikia tangu matanga. Nikamsogezea kigoda kwa mguu. Akakaa.

"Mwalimu hajambo?"

"Yuko darasani. Si unawasikia."

Tuliwasikia. Walikuwa wanasoma neno moja kwa pamoja, wanalikosea kwa pamoja.

"Nimekuja kusema jambo," akasema. "Nilitaka kulisema siku ile ya maziko, likanishinda. Nimejaribu kuliandika barua, ikawa barua ya salamu."

"Sema."

"Zile siku nne." Alitoa lile kopo la dawa ya macho, akalishika, hakulifungua. "Sikuambiwa kitu."

Niliendelea kuchambua choroko. Naikumbuka mikono yangu ikiendelea.

"Kitu gani hukuambiwa?"

"Kitu chochote. Nilikaa siku nne nikasikia maji yanaingia ndivani. Basi. Nikaja kwako nikakuambia nimeambiwa."

"Kwa nini?"

"Nilipita kanisani, akina mama walikuwa wanafagia. Wakaniuliza, yule binti umempatia jibu? Siku zote nilirudi na kitu. Niliona haya kurudi mikono mitupu."

"Uliona haya."

"Ndiyo."

"Mtoto wangu yuko chini ya udongo kwa sababu wewe uliona haya mbele ya wanawake wenye mafagio."

"Ndiyo."

Nilitaka abishe. Nilikuwa na maneno ya miaka miwili, nimeyapanga, yanahitaji mtu wa kubishana naye. Alikaa pale kwenye kigoda, ndiyo, ndiyo, kama mtu anayesomewa hesabu anazozijua.

"Wewe ndiye uliyetufundisha kusema sikuambiwa," nikasema. "Kwenye yale makande yako!" Sauti ilinipanda, jirani akachungulia. "Ulitucheka! Ulimsifu yule wa tumbo!"

"Ndiyo, mwanangu. Nisamehe." Ilitoka vibaya, kavu, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. "Pole."

Mtoto alishtuka akaanza kulia. Nikampakata, nikampa ziwa. Akanyonya mpaka akatulia. Na hapo nikajua ninaweza kumwacha aondoke hivyo. Alikuwa amekubali yote, hakuniachia hata kipande. Angepanda mlima na mzigo mzima, na mimi ningebaki msafi, mama aliyedanganywa. Hakuna ambaye angejua. Nilipima hilo. Siwezi kusema sikulipima.

"Mwinjilisti," nikasema. "Mimi nilikuwa nimeshafunga mzigo. Siku ya tatu. Kabla hujaja."

"Najua."

Nikamtazama.

"Niliuona," akasema. "Nilipokuwa mlangoni. Ulikuwa nyuma ya mlango, na mkono wa sweta ya mtoto umetokeza."

"Uliuona."

"Nikasema moyoni, kumbe jibu lenyewe hili hapa. Nikaliwekea jina la Mungu, nikaondoka."

Darasani walikuwa wamelipata lile neno, wakawa wanalirudia kwa furaha. Nilifikiri nitampiga kwa ungo. Nilifikiri nitacheka. Kilichonijia hakikuwa msamaha, nisiseme uongo sasa baada ya yote hayo. Ni kwamba kwa mara ya kwanza tangu Same palikuwa na mtu mwingine mahali nilipokuwa.

"Basi tulikuwa wawili," nikasema.

"Tulikuwa wawili."

Upepo wa mvua ulianza kusukuma vumbi kati ya nyumba. Nilimwangalia mtoto, kisha nikamgeuza kidogo ili amwone.

"Na huyu je? Mvua ndiyo hiyo. Nikae naye huku kwa baba yake, au nipande?"

Alimtazama mtoto muda mrefu. Niliona midomo yake inasogea kidogo, ikaacha.

"Sijui," akasema.

"Umeomba?"

"Tangu tulipozika naiombea nyumba yako kila siku. Kwa hili sijui. Sijaambiwa."

"Mimi najua," nikasema. "Napanda Jumamosi. Mwalimu atabaki na a-e-i-o-u yake, mvua zikikatika nitashuka. Mama alijua, wazee walijua, hata mbuzi wako wanajua. Halikuwa swali la kumpelekea Mungu siku nne."

"Halikuwa."

"Na nikiwa juu usije kuniombea mlangoni."

"Sitakuja."

Niliingia ndani nikamletea maji kwenye kikombe. Akanywa yote, akanirudishia. Akainama kufunga kamba za viatu kwa ajili ya kupanda, akakumbuka, akaniuliza mtoto anaitwaje.

"Nakundwa."

Hakutoa baraka. Hakuweka mkono juu ya kichwa chake. Alilitamka lile jina mara moja, taratibu, kama mtu anayetaka kulibeba bila kulimwaga, kisha akafunga kiatu cha pili.